Urithi wa Einstein unaanzia kwenye maji ya sukari

Ukiuliza Albert Einstein alituachia nini, utajibiwa E = mc², bomu la atomu, na labda zile nywele zake. Sukari haitajwi. Hata hivyo tasnifu aliyoikamilisha tarehe 30 Aprili 1905, akaipeleka Chuo Kikuu cha Zürich, ilihusu maji yaliyotiwa sukari: yananata kiasi gani kuliko maji matupu, na sukari inasambaa humo kwa kasi gani. Kutokana na namba hizo mbili alikokotoa ukubwa wa molekuli moja na idadi ya molekuli zilizomo katika moli, kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu. Wakati huo walikuwapo wanasayansi wenye majina makubwa waliobisha kwamba atomu zipo kweli.

Ushauri wangu kwa anayetaka kumwelewa ni aanzie hapa, awaache kwanza wale mapacha wa mfano maarufu wa nadharia ya uhusianifu, ambao mmoja wao anasafiri angani. Hesabu yenyewe inaenea kwenye ukurasa mmoja, unaweza kuirudia kwa bomba la sindano na mizani, na ndani yake mna kosa la Einstein mwenyewe lililokaa miaka mitano bila kuonekana.

Milinganyo miwili, visivyojulikana viwili

Chukua kimiminika, utie humo vitufe vidogo vigumu. Kimiminika kinapopita kinalazimika kuvizunguka, nguvu zaidi inapotea, mnato unapanda. Einstein alionyesha kwamba kupanda huko kunategemea jumla ya ujazo wa vitufe vyote tu, si ukubwa wa kimojakimoja:

η = η₀ (1 + 2.5 φ)

Hapa η₀ ni mnato wa kimiminika kitupu, η ni wa mchanganyiko, na φ ni sehemu ya ujazo iliyoshikwa na vitufe. Ikiwa asilimia 1 ya ujazo ni vitufe, mnato unapanda kwa asilimia 2.5.

Mlinganyo wa pili unahusu usambaaji. Molekuli inasukumwa huku na huku na joto, na maji yanaizuia. Vikipimana:

D = RT / (6πηNr)

D ni kasi ya usambaaji, R ni namba ya gesi, T ni halijoto kwa kelvini, N ni idadi ya molekuli katika moli moja, r ni nusukipenyo cha molekuli.

Sasa angalia ujanja. Mlinganyo wa kwanza ukiutumia kwa sukari unakupa ujazo wa molekuli zote za moli moja, ambao ukiugawanya kwa 4π/3 ya kitufe ni N mara r³. Wa pili unakupa N mara r. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, N inatoweka, inabaki r².

Tuitie namba alizokuwa nazo. Usambaaji wa sukari kwenye nyuzi 9.5 ulikuwa sentimita mraba 0.384 kwa siku, yaani 4.44 × 10⁻⁶ kwa sekunde. Mnato wa maji kwenye halijoto hiyo ni 0.0135 kwa vipimo vya sentimita na gramu. Basi:

Nr = (8.31 × 10⁷ × 282.5) / (18.85 × 0.0135 × 4.44 × 10⁻⁶) ≈ 2.08 × 10¹⁶

Upande wa mnato, maji yenye sukari asilimia 1 yananata mara 1.0245 ya maji matupu. Kwa 2.5 ya mlinganyo, hiyo ni sawa na kusema gramu 1 ya sukari inafanya kazi ya vitufe vya sentimita 0.98 za ujazo. Moli ya sukari ni gramu 342, kwa hiyo ujazo wa moli ni takriban sentimita 335 za ujazo, na ukigawanya kwa 4π/3, Nr³ inakuwa 80. Gawanya 80 kwa 2.08 × 10¹⁶, chukua kipeuo cha pili: r = 6.2 × 10⁻⁸ sentimita. Hiyo ni molekuli ya sukari pamoja na maji yaliyoing'ang'ania. Ndiyo maana sentimita 0.98 ni kubwa kuliko 0.61, ambayo ni ujazo wa gramu 1 ya sukari kavu.

Kwenye tasnifu ya 1905 hutazikuta 0.98 na 80. Utakuta 2.45 na 200, kwa sababu Einstein aliandika (1 + φ) bila ile 2.5. Aliteleza katika kupiga hesabu ya mwendo wa kimiminika pembeni mwa kitufe. Kwa kosa hilo r ikawa 9.9 × 10⁻⁸ na N ikawa 2.1 × 10²³, theluthi moja tu ya inayotakiwa. Mwaka 1906 alipata vipimo bora vya sukari akapandisha N hadi 4.15 × 10²³, bado akiwa na kosa lilelile. Lililolifichua ni jaribio: Jacques Bancelin, katika maabara ya Jean Perrin jijini Paris, alipima mnato wa maji yenye chembe ndogo akaona unapanda kuliko mlinganyo unavyosema. Einstein akamwomba mwanafunzi wake Ludwig Hopf apitie hesabu upya, na Hopf akalipata kosa. Marekebisho yalichapishwa mwaka 1911, N ikawa 6.56 × 10²³. Leo N si ya kupimwa tena. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili.

Ile 2.5 haikubaki kwenye sukari. Kila anayetengeneza rangi, wino, udongo wa kufinyangia wa majimaji au dawa ya maji yenye chembe huanza nayo kabla hajaingia kwenye milinganyo migumu zaidi.

Ukitaka kuipima mwenyewe

Unahitaji bomba la sindano la mililita 20 lililotolewa kisukumio, sindano mpya ya namba 23, kishikio cha kulisimamisha wima, mizani inayosoma gramu 0.1, kipimajoto kizuri, saa ya kuhesabia sekunde, sukari nyeupe na maji safi yaliyochujwa. Chora alama kwenye mililita 15 na 10. Unachopima ni muda wa kimiminika kushuka kutoka alama ya juu hadi ya chini.

Anza na maji matupu. Kisha changanya gramu 5 za sukari na gramu 95 za maji, koroga hadi punje ziishe, chuja. Pima kila kimoja mara tano. Muda wa marudio ukitofautiana zaidi ya asilimia 1, usiendelee; tafuta kwanza tatizo.

Muda hauleti mnato moja kwa moja. Maji ya sukari ni mazito, yanajisukuma yenyewe kwa nguvu zaidi, hivyo uwiano wa muda lazima uuzidishe kwa uwiano wa uzito wa ujazo uleule, ambao kwa asilimia 5 ni 1.020. Kama maji yalichukua sekunde 400, sukari itachukua karibu 449. 449/400 × 1.020 inakupa 1.14. Mlinganyo wa Einstein, kwa 0.98 ya kila gramu, unatabiri 1.125. Tofauti hiyo haitokani na mkono wako. Mlinganyo unadhani vitufe viko mbalimbali kiasi kwamba kimoja hakihisi mawimbi ya kingine, na kwenye asilimia 5 dhana hiyo imeanza kulegea. Kwenye asilimia 10 utaona wazi zaidi: utabiri ni 1.25, kipimo ni 1.33. Kwa hiyo pima asilimia 2, 4, 6, 8 na 10, chora mstari wa (η/η₀ − 1) ukigawanywa kwa kiasi cha sukari, uurudishe nyuma hadi sifuri. Pale unapokata ndipo mlinganyo unaposema kweli.

Mambo matatu huharibu jaribio hili.

La kwanza ni joto. Mnato wa maji unashuka karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Sukari ya asilimia 1 inaupandisha kwa asilimia 2.45 tu. Maana yake, maji ya sukari yakiwa na joto la nyuzi moja zaidi ya maji matupu, karibu jibu lote limeliwa. Sukari inapoyeyuka hubadilisha joto la maji kidogo, na mikono yako inayoshika bomba huongeza. Weka vyombo vyote ndani ya beseni moja la maji kwa nusu saa kabla ya kupima.

La pili wengi hawalijui. Ukiacha sindano itone hewani, kila tone linaloning'inia kwenye ncha linavuta juu kwa sababu ya ngozi ya uso wa maji, na mvuto huo unaweza kulingana na kina cha sentimita kadhaa za maji, yaani sehemu kubwa ya nguvu yote inayosukuma. Vipimo vitarukaruka bila mpango. Dawa yake ni kuzamisha ncha ya sindano ndani ya kimiminika kilekile kwenye chombo kipana cha chini, kipana ili usawa wake usipande wakati wa kupima. Maji ya sukari yaingie kwenye maji ya sukari, si kwenye maji matupu.

La tatu ni sindano pana. Kimiminika kikipita haraka, sehemu ya nguvu inatumika kukiongezea mwendo badala ya kushindana na mnato, na uwiano utatoka mdogo kuliko ukweli. Mililita 5 zikipita chini ya dakika moja, tafuta sindano nyembamba zaidi.

Chembe zinazocheza

Siku chache baada ya tasnifu, Mei 1905, Einstein alimaliza makala nyingine kwa kutumia mlinganyo uleule wa usambaaji, safari hii kwa chembe unayoweza kuiona. Robert Brown alikuwa ameona tangu 1827 kwamba vijichembe kutoka kwenye chavua hutetemeka majini bila kukoma. Watu walijaribu kupima kasi ya mtetemo huo wakapata majibu yasiyolingana, na makala ilieleza kwa nini: chembe inagongwa na molekuli za maji mara nyingi mno kwa sekunde, inageuza njia kila wakati, kwa hiyo mstari unaouona kwenye hadubini ni ufupisho wa msururu wa kona usiohesabika. Ukipima kila sekunde unapata kasi moja, ukipima kila nusu sekunde unapata nyingine kubwa zaidi. Kasi haina maana hapa.

Chenye maana ni umbali kutoka ulipoanza, na hasa wastani wa mraba wake:

⟨x²⟩ = 2Dt

Kwa hiyo umbali unakua kwa kipeuo cha pili cha muda. Alitoa mfano wa chembe yenye kipenyo cha mikromita 1 ndani ya maji ya nyuzi 17: kwa sekunde moja husogea mikromita 0.8 hivi, na kwa dakika nzima mikromita 6. Anayefikiri kwa kasi angetarajia 48.

Hili nalo linapimika kwa hadubini ya shule. Tone moja la maziwa ndani ya mililita 10 au 20 za maji hukupa vitone vya mafuta vya ukubwa mbalimbali. Weka tone la mchanganyiko kwenye kioo, funika kwa kioo chembamba, ziba kingo zote kwa mafuta mazito ya kujipaka. Tumia lenzi ya 40, kwa ukuzaji wa mara 400, na urekodi video kwa simu iliyofungwa kwenye lenzi ya jicho. Rekodi pia rula ya kioo ya hadubini kwa mpangilio uleule, ili ujue pikseli moja ni mikromita ngapi. Chagua vitone vya kama mikromita 1, andika nafasi ya kila kimoja kila baada ya sekunde 30. Vitone 20 kwa hatua 20 vinakupa hatua 400, na kwa hatua 400 wastani wa mraba unakuwa na shaka ya asilimia 7 hivi. Vitone vitano havitoshi, usijidanganye.

Hesabu ya kulinganisha: kwenye nyuzi 25 mnato wa maji ni 0.89 × 10⁻³ paskali-sekunde. Kwa nusukipenyo cha mikromita 0.5, D ni 4.9 × 10⁻¹³ mita mraba kwa sekunde, na kwa sekunde 30 umbali wa kawaida kwenye mhimili mmoja ni mikromita 5.4. Ukishapata wastani wako, N inatoka hivi:

N = RTt / (3πηr⟨x²⟩)

Adui mkubwa ni mkondo. Kingo zisipozibwa vizuri maji yanakauka na kuvuta vitone vyote upande mmoja. Taa ya joto nayo huyazungusha. Dalili zake ni mbili: wastani wa x yenyewe, bila mraba, hauwi sifuri, na ⟨x²⟩ unakua kwa mraba wa muda badala ya kwa muda. Njia safi ya kuutoa ni kufuatilia vitone viwili vya ukubwa sawa kwa pamoja na kupima umbali kati yao tu. Mkondo unavipeleka vyote, kwa hiyo unajifuta, na mlinganyo unakuwa 4Dt badala ya 2Dt.

Kisha kuna mafuta kupanda juu. Maziwa ni rahisi kupatikana lakini vitone vyake hukimbilia kwenye kioo cha juu, na karibu na kioo maji huzuia zaidi, hivyo mwendo unapungua na N inatoka kubwa kupita kiasi. Pima vile vya katikati ya kina. Na uangalie upendeleo usiouona: lenzi ya 40 inaonyesha tabaka jembamba sana, vitone vyenye mwendo mkubwa vinatoka nje ya tabaka na unavipoteza, unabaki unahesabu vilivyotulia. Ukiamua kukifuata kitone, kifuate hadi mwisho kwa kurekebisha lenzi, au ufute rekodi yake yote kwa kanuni uliyoiweka kabla ya kuanza.

Lakini shaka kubwa kuliko zote ni r. Kitone cha mikromita 1 kina kingo zenye ukungu kwenye hadubini ya mwanga, na kukosea nusukipenyo kwa asilimia 30 ni rahisi kabisa. Kosa hilo linaingia zimazima ndani ya N. Ndiyo sababu Perrin, aliyefanya jaribio hili kwa ukamilifu kuanzia 1908, alitumia muda mwingi kutengeneza chembe kuliko kuzitazama. Alichukua kilo moja ya utomvu wa manjano unaoitwa gamboji, akausugua majini, akauzungusha kwenye mashine ya kutenganisha mara nyingi kwa miezi, mwisho akabaki na desigramu chache za chembe zinazolingana. Na r aliipima, kati ya njia nyingine, kwa kuacha chembe zikauke zikiwa zimepangana mstari, akapima urefu wa mstari na kugawanya kwa idadi. Ni busara ya fundi, na kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika hadithi hii. Wilhelm Ostwald, mkemia aliyekuwa mpinzani mkuu wa atomu, alikubali yaishe mwaka 1909. Perrin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Siku hizi mlinganyo huohuo unatumiwa kinyumenyume. N inajulikana, kinachotafutwa ni r. Mashine inapiga leza kwenye kimiminika, inapima jinsi mwanga uliotawanyika unavyometameta, inapata D, inatoa ukubwa. Chembe ya nanomita 100 kwenye maji ya nyuzi 25 ina D ya 4.9 × 10⁻¹² mita mraba kwa sekunde. Hivyo ndivyo viputo vya mafuta vinavyobeba chanjo za mRNA hukaguliwa ukubwa. Mtumiaji akisahau kuingiza mnato wa kimiminika alichotumia na kuacha ule wa maji, mashine haitalalamika; itatoa ukubwa usio wa kweli kwa utulivu kabisa.

Mwanga, kwa ufupi

Makala ya Machi 1905 ilisema mwanga hubeba nishati kwa vipande, kila kipande hf, h ikiwa namba ya Planck na f idadi ya mawimbi kwa sekunde. Ndiyo iliyompa Einstein Tuzo ya Nobel ya 1921, iliyotolewa mwaka 1922, baada ya mwanafizikia Robert Millikan kuipima kwa miaka, kwa kumulika metali na kupima elektroni zinazorushwa nje, akidhani ataikanusha. Mwaka 1916 Millikan alichapisha mstari ulionyooka kama Einstein alivyotabiri. Kosa moja linaloenea: kusema paneli za sola ni jaribio lile la elektroni kurushwa nje ya metali. Ndani ya paneli elektroni haitoki nje. Inapandishwa tu ndani ya silikoni. Kinachofanana ni kipande cha nishati. Mwaka 1916 na 1917 Einstein akaongeza kwamba mwanga unaopita unaweza kuichochea atomu itoe mwanga unaofanana nao. Leza hutumia kanuni hiyo, na ya kwanza iliwaka mwaka 1960.

Saa za GPS, na ile namba ya kilomita 11

Sasa uhusianifu, nadharia ya Einstein inayosema mwendo na mvutano hubadilisha kasi ya saa. Setilaiti ya GPS iko kilomita 26,560 kutoka katikati ya dunia na inakwenda kilomita 3.87 kwa sekunde. Mwendo unaichelewesha saa yake: v²/2c² ni 8.35 × 10⁻¹¹, ambayo kwa sekunde 86,400 za siku ni mikrosekunde 7.2. Mvutano dhaifu wa huko juu unaiharakisha: tofauti kati yake na ardhini ni 5.29 × 10⁻¹⁰, mikrosekunde 45.7 kwa siku. Ukitoa, saa ya juu inatangulia kwa mikrosekunde 38.5 kila siku. Zidisha kwa kasi ya mwanga, unapata kilomita 11.5.

Hapo ndipo makala nyingi husema bila Einstein ramani ya simu ingepotea kilomita 11 kwa siku. Si kweli, angalau si kwa namna hiyo. Kipokezi kinatatua visivyojulikana vinne, namba tatu za mahali kilipo na kosa la saa yake chenyewe, kwa kutumia angalau setilaiti nne. Saa zote za juu zikitangulia kwa kiasi kilekile, utangulizi huo unamezwa karibu wote na kile kisichojulikana cha nne. Mahali pangepotea kwa sababu nyingine ndogo: setilaiti ingetafutwa pale ilipokuwa mikrosekunde 38.5 kabla au baada, sentimita 15 hivi kwa siku. Kinachoharibika kweli ni saa. Mitandao ya simu na ya umeme inayochukua muda kutoka GPS ingepata muda unaokimbia.

Sehemu hiyo ya pamoja huondolewa kiwandani. Saa inapangwa kupiga megahezi 10.22999999543 badala ya 10.23. Setilaiti ya majaribio NTS-2 ilipopaa Juni 1977, urekebishaji uliachwa umezimwa kwa siku 20 ili waone. Saa ilitangulia kwa sehemu 442.5 katika 10¹²; nadharia ilisema 446.5. Kisha wakauwasha.

Sehemu isiyomezwa ni ile inayotofautiana kati ya setilaiti na setilaiti. Mzingo ukiwa na uyai kidogo, setilaiti huikaribia dunia na kukimbia zaidi, kisha huiacha na kupunguza mwendo. Saa inayumba kila mzunguko. Hili hufanywa na kipokezi chako, kwa fomula hii:

Δt = −4.442807633 × 10⁻¹⁰ × e × √A × sin E

e ni kiasi cha uyai, √A ni kipeuo cha pili cha nusu ya mhimili mrefu kwa mita, karibu 5,154, na E ni pembe ya setilaiti katika mzingo. Kwa e ya 0.01, saa inayumba nanosekunde 22.9 kila upande, yaani karibu mita 7 za umbali. Setilaiti mbili za mfumo wa Ulaya, Galileo, zilizorushwa tarehe 22 Agosti 2014 zikaishia kwenye mizingo mibaya, zina uyai wa karibu 0.16, na saa zao huyumba nanosekunde 370 hivi. Hasara hiyo iligeuzwa jaribio: zilitumiwa kupima athari ya mvutano kwa saa, na matokeo ya 2018 yalikuwa na usahihi zaidi kuliko jaribio la 1976, ambalo roketi ilibeba saa juu kupima jambo hilohilo.

Anayeandika programu ya kipokezi hukosea zaidi mahali palepale. Kubadilisha alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha hakuondoi kosa, kunaliongeza mara mbili: mita 7 zinakuwa 14. Kuacha E kwa digrii wakati sin inataka radiani kunatoa makosa yanayoonekana ya kubahatisha. Na wengi husahau kwamba dunia inazunguka wakati ishara iko njiani. Safari huchukua sekunde 0.07 hadi 0.09, kwenye ikweta ardhi inasogea mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo kipokezi kimehama mita zaidi ya 30. Nafasi ya setilaiti lazima izungushwe kwa pembe ya 7.2921151467 × 10⁻⁵ mara muda wa safari. Ukiona majibu yako yote yamehamia mashariki au magharibi kwa makumi ya mita huku kaskazini na kusini pako sawa, usihangaike na antena. Angalia mstari huo wa programu, na uhakikishe hukuzungusha kinyume.